Seva inajizima, mnamwita fundi umeme

Swali ninaloulizwa sana na wenye ofisi hapa Mwanza ni "fundi, hii seva inabeba watu wangapi?" na mtu anauliza huku macho yako kwenye lile boksi, ile kompyuta kuu inayohudumia ofisi nzima, anaangalia RAM, anaangalia prosesa, kama vile jibu limebandikwa ubavuni. Utasikia, mimi nimechukua mashine ina RAM giga 32, hii si hata watu mia inabeba. Kubeba itabeba aisee. Ila idadi ya watu wanaoruhusiwa kuitumia haikai kwenye RAM, inakaa kwenye leseni ya ile Windows Server iliyomo ndani, programu inayoiendesha hiyo seva, na leseni zenyewe haziko za aina moja, kuna inayokuzimia mashine ukizidisha watu, kuna inayomgomea tu yule wa ziada, na kuna ambayo haisemi kitu kabisa, mnaongezana tu miaka inaenda. Hiyo ya mwisho ndo naiogopa kuliko zote.

Lakini nianze na inayozima, maana ina vituko.

Kuna kampuni moja ya biashara ya samaki upande wa Igogo, jina naliacha. Wananunua sangara kwa mawakala, wanapima, wanahifadhi, wanauza. Walikuwa na seva ndogo imekaa chumba cha mhasibu juu ya kabati, ndani yake Windows Server 2012 R2 Foundation. Wengi hamjaiona hiyo Foundation kwa sababu haikuwa kitu cha kwenda kununua peke yake, ilikuwa inakuja imeshawekwa kwenye mashine na watengenezaji, mashine za prosesa moja, kwa ajili ya ofisi ndogo. Utamu wake ni kwamba bei ilikuwa chini na hununui vibali vya watumiaji pembeni. Uchungu wake ni ukomo wa akaunti 15. Ukivusha hapo inaanza kuandika maonyo kwenye kumbukumbu zake za ndani, inakupa siku chache ujirekebishe, usipojirekebisha inajizima. Unaiwasha, inafanya kazi, baadaye inajizima tena.

Sasa wale jamaa biashara ilikua, wakaongeza watu wa mapokezi, wakaongeza wa stoo, wakafungua na kituo cha kununulia Sengerema, na kila mtu mpya akija dogo mmoja pale ofisini aliyepewa pasiwedi ya admin anamtengenezea akaunti, kazi yenyewe dakika mbili tu nani atakataa. Maonyo yalikuwepo. Yameandikwa vizuri kabisa kwenye event log, sehemu ambayo hakuna binadamu ofisini anaifungua mpaka kitu kiharibike, na hata kikiharibika hawaifungui, wanapiga simu.

Seva ikaanza kuzima. Na mtu yeyote anayeishi hapa, mashine ikizima jambo la kwanza analowaza ni umeme. Akaitwa fundi umeme, akabadilisha soketi. Ikazima. Wakanunua UPS mpya, kubwa, ya maana. Ikazima huku taa za UPS zinawaka kijani bila wasiwasi. Fundi umeme akasema basi ni athi, wakachimbia athi. Mtu mwingine akasema ni virusi, wakaleta antivairasi ya kwenye flashi. Kuna aliyesema ni joto la chumba, wakahamisha feni ya mapokezi wakaielekeza kwenye seva, mapokezi wakabaki wanajipepea na madaftari ya risiti.

Nilivyoitwa mimi nilimkuta mzee mwenyewe yuko pale, nikamwamkia, akaniambia "kijana wangu hii mashine imerogwa". Nikamwambia mzee subiri kwanza tusome.

Na hapa kuna kitu naomba kila anayeshika seva akijue hata kama leseni hazimhusu. Umeme ukikatika ghafla, Windows ikiwaka tena inaandika tukio namba 41, la Kernel-Power, na 6008, maana yake mimi sikuzimwa vizuri, sijui kilichonipata. Lakini mashine ikizimwa kwa amri, iwe ya mtu au ya programu, inaandika tukio namba 1074, na pale inataja ni programu gani imetoa amri. Hizo namba zinamaliza ubishi wote wa umeme. Pale hapakuwa na 41 za kutosha kuelezea kuzima kote kule, kulikuwa na 1074, na aliyetajwa ni silsvc, ambayo ni huduma ya Windows yenyewe ya kukagua leseni. Yaani hakuna aliyeiroga, imejizima kwa akili zake timamu.

Tukafungua Active Directory, yaani lile daftari la akaunti za ofisi ndani ya seva, tukaanza kuhesabu majina. Hii ndo sehemu ninayoipenda kwenye hizi kazi maana orodha ya akaunti ya ofisi ni historia ya ofisi. Kulikuwa na mhasibu aliyeondoka zamani kwenda kufanya kazi Geita, akaunti yake ipo na pasiwedi yake ni ileile. Kulikuwa na kijana wa mzee aliyekuja kufanya filidi likizo ya chuo. Kulikuwa na "printa", "printa2", na akaunti inaitwa "test" ambayo hakuna anayekubali kuwa ni yake. Kulikuwa na dada mmoja ana akaunti mbili kwa sababu aliolewa akabadilisha jina, badala ya kubadilishiwa jina kwenye akaunti akatengenezewa nyingine. Tulivyofuta za walioondoka na hizo za vichekesho idadi ikarudi chini ya mstari, seva ikatulia. Mzee akauliza "kwa hiyo ile UPS?" Nikamwambia mzee UPS acha ikae, hapa Mwanza UPS haijawahi kwenda bure.

Sasa watu wengi wakifika hapo wanaona mambo yameisha, na ukweli ni kwamba hapo ndo palianza tatizo lingine. Kwa sababu biashara bado inakua, wanahitaji watu zaidi ya 15, na dogo akaja na wazo ambalo nimelikuta ofisi nyingi sana: watu wa mizani wote watumie akaunti moja, inaitwa mizani, pasiwedi moja, wa asubuhi na wa usiku wote wanaingia na hiyo. Ki-Foundation inakubali, kwa sababu yenyewe inahesabu akaunti, haihesabu sura.

Mimi nilikataa na sababu yangu sio Microsoft, ni samaki. Kwenye biashara ya sangara kilo ndo hela. Wakala kaleta mzigo, umepimwa, umeingizwa kwenye sistimu, baadaye mtu anaingia anarekebisha namba, kilo zimepungua au zimeongezeka. Ukifungua kumbukumbu kuona nani karekebisha unakuta "mizani". Mizani nani? Watu wote wa mizani wanakuangalia. Akaunti ya pamoja ni sawa na kutokuwa na kumbukumbu, umeokoa hela ya leseni umepoteza hela ya samaki, na hutajua hata umepoteza kiasi gani. Kwa hiyo nikawaambia pangeni hela mhamie kwenye toleo kubwa, tena ile 2012 R2 yenyewe apdeti za kawaida za usalama zilishakoma Oktoba 2023, mnaendesha kitu kisichozibwa matundu.

Nipite haraka kwenye hizo nyingine zenye ukomo wa wazi. Kuna Essentials, kaka yake Foundation, yeye mwisho wake watumiaji 25 na vifaa 50, nayo huhitaji kununua vibali pembeni, kwa ofisi nyingi za hapa mjini inatosha kabisa, duka la vipuri, kliniki ndogo, ofisi ya wakili. Zamani kulikuwa na Small Business Server, hiyo ilikuwa inakuja na barua pepe yake Exchange humohumo, ukomo wake watu 75, na toleo la 2003 lilikuwa linakuja na vibali 5 tu ukitaka zaidi unanunua na kuviingiza kwenye seva yenyewe, na lilikuwa linahesabu kweli, aliyezidi haingii. Microsoft waliliua baada ya toleo la 2011, apdeti zikaisha Januari 2020. Kama bado unayo inatembea hapo ofisini kwako, pole, tuzungumze pembeni.

Halafu kuna wale ambao hawana seva, wana kompyuta ya kawaida ya Windows 10 au 11 wameisheya folda wanaiita seva. Hawa ni wengi kuliko wote. Mimi siwacheki, kwa watu watano sita inafanya kazi. Ila jueni Windows ya kawaida leseni yake inaruhusu vifaa 20 tu kuunganika kwa wakati mmoja kwenye kusheya, na enzi za XP Pro ilikuwa 10. Mkifika hapo mtu wa ziada anapata ujumbe kwamba hakuna nafasi ya kuunganika, anajaribu tena anaingia kwa sababu kuna mwenzake katoka, basi watu wanasema mtandao unasumbua leo. Wanabadilisha swichi, wanabadilisha waya, wanamgombeza mtu wa intaneti ambaye hahusiki hata kidogo.

Remote Desktop, ile njia ya kuingia kwenye kompyuta iliyo mbali ukaitumia kama umekaa mbele yake, nayo ina lake na hili limewaumiza watu wa matawi. Unajua biashara za huku ziwani zilivyo, ofisi kuu iko mjini, kituo kimoja Sengerema, kingine Nansio kule Ukerewe, kingine labda Muleba, na njia rahisi ya kuwafanya wote watumie sistimu moja ya uhasibu ni kuiweka kwenye seva ya Mwanza halafu wa matawi wanaingia kwa Remote Desktop. Ukiacha Windows Server ilivyo bila kuongeza kitu inaruhusu watu wawili tu kwa wakati mmoja, na hao wawili wamewekwa kwa ajili ya kuitunza seva, sio kwa ajili ya kuingiza ankara. Wa tatu akija anaulizwa amtoe nani. Nimeshaona watu wanatoana hivyo kutwa nzima, wa Nansio anamtoa wa Sengerema, wa Sengerema anarudi anamtoa mhasibu, kazi ambayo haijasevu inabaki inaning'inia huko.

Kwa hiyo anakuja mtu anawawekea ile huduma kamili ya Remote Desktop, ghafla watu kumi wanaingia kwa raha zao, anaonekana mtaalamu kweli, analipwa, anaenda zake. Asichowaambia ni kwamba hiyo huduma ukiiweka inakupa siku 120 za bure bila kuuliza vibali. Siku 120 ni miezi minne. Baada ya miezi minne, asubuhi moja, hakuna anayeingia, ujumbe unasema hakuna seva ya leseni ya kutoa kibali. Yule mtu simu haipokelewi. Na akipokea anakuja anachokonoa mahali kwenye rejista, mipangilio ya ndani ya Windows, siku zinaanza upya moja, analipwa tena, miezi minne mingine. Yaani ni kodi. Na kisheria hapo hamna leseni hata moja, mna uchokonozi. Vibali vya Remote Desktop vinanunuliwa mbali na vibali vya kawaida vya seva, unahitaji vyote viwili, hapo ndo watu wanashika kichwa lakini ndo hivyo.

Haya sasa ile ya kimya.

Windows Server Standard, ambayo ndo kampuni nyingi zinahamia zikikua, yenyewe haina ukomo wa 15 wala 25. Leseni ya mashine yenyewe inahesabiwa kwa kori za prosesa, yaani vile viini vyake vya kufanyia kazi, kuanzia 2016, na hata kama mashine yako ina kori 8 unalipia 16 maana hapo ndo chini kabisa. Halafu juu yake kila mtumiaji anatakiwa awe na kibali chake kinachoitwa CAL. Na hii CAL ya kawaida haiingizwi popote. Hakuna sehemu ya kuiandika kwenye seva, ni karatasi, ni haki uliyonunua. Kwa hiyo seva haijui umenunua CAL 5 au 500 au hujanunua hata moja, mtu wa kwanza anaingia na mtu wa mia anaingia, hakuna onyo wala kuzima, event log iko safi. Zamani kulikuwa na huduma ndani ya Windows ya kuhesabu, waliiondoa.

Ndo maana nasema naiogopa. Ile Foundation iliyokuwa inazima angalau ilisema. Hii inakuacha uende mpaka siku anakuja mtu na mafaili. Na msidhani huku hawaji. Shirika linalopokea hela za wafadhili, mkaguzi akija anaomba karatasi za programu kama anavyoomba za magari. Kampuni inayotaka kuuzwa au kuingiza mbia, mnunuzi anapekua kila kitu. Na sheria ipo, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda maandishi, sio jambo la Ulaya tu. Siku hiyo hesabu inapigwa ya watu wote kwa mkupuo mmoja, na unanunua huku umebanwa, hapo hakuna kupatana bei.

Sasa wengi wakisikia kila mtu kibali chake wanapiga hesabu haraka, nina wafanyakazi 70, CAL 70, wanakata tamaa wanarudi kwenye kimya. Na hapa ndo nina ugomvi na wauzaji wengi maana hawaelezi kwamba CAL ziko mbili. Watu wa ziwani wataelewa upesi: kuna leseni ya chombo na kuna leseni ya mvuvi. CAL ya kifaa inashika kompyuta, hata akae nani. CAL ya mtumiaji inamshika mtu, popote alipo, akitumia kompyuta ya ofisini, laptopu yake na simu yake vyote vimo kwenye kibali chake kimoja. Bei hazipishani sana. Kwa hiyo akili yote iko kwenye kujua wapi watu ni wengi kuliko mashine na wapi mashine ni nyingi kuliko watu.

Chukua kiwanda cha minofu, tuseme kina watu 60 wanaogusa kompyuta, mapokezi ya samaki, mizani, chumba cha baridi, upakiaji, wanafanya zamu tatu na wanapokezana kompyuta 12. Ukinunua CAL za watumiaji ni 60. Ukinunua za vifaa ni 12. Kumi na mbili! Halafu juu ofisini wako watu 9, bosi, wahasibu, watu wa mauzo ya nje, kila mmoja ana laptopu na simu inayosoma barua pepe za kwenye seva, hao unawapa za watumiaji, 9. Jumla 21, kazi imekwisha, na uko halali kabisa kwa sababu kuchanganya kunaruhusiwa, cha msingi uandike mahali ni kompyuta ipi ina kibali na mtu yupi anacho. Hoteli ni hivyohivyo, mapokezi wanapokezana. Hospitali wodini hivyohivyo. Na hata pale Igogo tulivyokaa kuhesabu, watu wa mizani na stoo wote waliingia kwenye vibali vya vifaa, kila mtu akabaki na akaunti yake na pasiwedi yake, maana CAL haijali una akaunti ngapi, inajali watu au mashine. Lile wazo la akaunti moja ya mizani huku halikuokolei hata shilingi.

Na wala usijaribu ule ujanja wa kusema sisi hatuingii kwenye seva, tunaingia kwenye sistimu, sistimu ndo inaingia kwenye seva kwa akaunti moja. Huo ujanja wanaujua miaka mingi, hesabu inapigwa kwa watu walioko mwisho wa mnyororo. Isipokuwa tovuti ya wazi ambayo mtu anasoma tu bila kujitambulisha, huyo hahesabiwi.

Mtego ambao karibu kila ofisi inaukanyaga ni waifai. Seva nyingi zinazowekwa huku ndo hizohizo zinagawa anwani za mtandao, ile DHCP, na ndo zinajibu DNS, ile ya kugeuza majina ya tovuti kuwa namba. Kwa mujibu wa Microsoft kifaa kikipewa anwani na Windows Server kimeshatumia seva, kinahitaji kibali, chenyewe au mwenye nacho. Sasa piga picha ofisi yenye waifai ya wageni, madereva wanasubiri mzigo wanaangalia mpira kwenye simu, mawakala wanatuma voisi kwenye WhatsApp, wote wamepewa anwani na seva yako. Na printa za mtandaoni nazo zimo. Dawa yake ni ya bure: waifai ya wageni itenge, ruta yenyewe igawe anwani za huko, igawe na DNS ya nje, seva isijue kabisa kama kuna dereva anaangalia mpira. Ni kazi ya saa moja na ni salama zaidi hata kama leseni zisingekuwepo.

Vitu viwili vitatu vidogo kabla sijasahau. Mfanyakazi akiondoka kibali chake anapewa aliyekuja badala yake, hakifi naye, ila huwezi kukihamisha leo kesho keshokutwa ili watu watatu wazunguke na kimoja, kanuni yao ni siku 90 kati ya kuhama na kuhama, labda mtu kaondoka kabisa au mashine imekufa au anayekaimu mtu aliye likizo. Watu wawili wanaoingia kwa ajili ya kuitunza seva tu hawahitaji CAL. Na kibali kinatakiwa kiwe cha toleo sawa na seva au jipya zaidi, cha zamani hakifungui seva mpya, kwa hiyo mwenye seva ya 2016 akienda kununua leo achukue CAL za toleo jipya, zitamruhusu kutumia hiyo 2016 na akihama atahama nazo, na kuhama hakuko mbali maana apdeti za 2016 zinaisha Januari 2027.

Kuna watakaosema si tuhamie Linux, mfumo mwingine usio wa Microsoft. Mimi sina ubishi, Samba, programu ya Linux inayofanya kazi za seva ya Windows, tangu toleo la 4.0 la mwisho wa 2012 inaweza kuwa seva ya Active Directory, inasheya mafaili, kompyuta za Windows zinaingia humo hazijui tofauti, na CAL hakuna. Nimeweka sehemu kadhaa inatembea. Ila nauliza kwanza sistimu yenu ya uhasibu inakaa kwenye nini, kwa sababu nyingi zinazotumika hapa zinataka Windows upande wa seva, na pili nani ataishika mimi nisipopatikana. Ofisi ambayo haina mtu anayejua Linux ikihamia Linux kwa sababu ya bei ya vibali imehamisha gharama tu, imetoka kwa muuzaji imekuja kwangu, na mimi siyo rahisi.

La mwisho ni hawa wanaouza kwenye mitandao "ki za CAL", yaani funguo za kuwasha vibali, kwa bei ya kutupa, wanakutumia herufi na namba kwa WhatsApp halafu wanakwambia umeshakuwa halali. Za Remote Desktop kweli zinaingizwa kwenye seva ya leseni, hizo uliza zimetoka kwenye mkataba wa nani na omba ankara yenye jina la kampuni yako. Lakini akikwambia hii ni ki ya CAL ya kawaida ya Windows Server, usimlipe kwanza, mwambie akuonyeshe inaandikwa wapi.